Ukinunua simu ughaibuni, hakikisha kwanza itakubali laini ya nyumbani

Na MWANDISHI WETU

DESEMBA moja, mpwa wangu ambaye ni muuguzi nchini Marekani alirejea nyumbani kwa likizo akiwa ameniletea zawadi: simu mpya ya kisasa, ingali ndani ya boksi lake.

“Mjomba, hiyo mulika mwizi yako sasa ipumzike,” aliniambia mbele ya jamaa waliokuwa wamekusanyika.

Niliitoa laini yangu katika simu kuukuu, nikaitia katika ile mpya. Simu iliwaka, ikang’aa, kisha ikaandika kwamba kadi hiyo haikubaliki. Tulijaribu laini ya kampuni nyingine. Jibu likawa lilo hilo.

Simu ile haikuwa mbovu wala bandia. Ilikuwa imefungwa na kampuni iliyoiuza, na mpwa wangu alikuwa angali anailipia kila mwezi kutoka kwa mshahara wake.

Kisa hiki si kigeni. Wakenya wengi wanaorudi kutoka Marekani, Ulaya na mataifa ya Ghuba huja na simu walizozinunua huko, ama kwa matumizi yao au za kuwapa jamaa. Wengi hufurahia ununuzi wao. Wengine hugundua wakiwa nyumbani kwamba wamebeba kifaa cha kupigia picha tu.

Kwa Mkenya, hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa kupiga simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, laini ya simu imekuwa pia kibeti cha mwenyewe. Simu isiyoikubali laini hiyo haiwezi kulipa nauli, kutuma karo wala kupokea malipo ya mwenye duka.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani halifai kuwa bei, bali iwapo simu hiyo itafanya kazi kwa laini ya nyumbani. Jibu linategemea mambo matatu: kufuli ya kampuni, masafa ya mawimbi, na aina ya kadi inayotumika.

Bei nafuu na kufuli

Kampuni za mawasiliano za Marekani hupenda kumpa mteja simu ya bei ghali kwa malipo madogo ya mwanzo, au bila malipo yoyote, kwa sharti kwamba atailipia kidogo kidogo kwa miezi 24 au 36. Bei inayoonekana kwenye tangazo kwa hivyo huwa ni sehemu tu ya gharama.

Ili mteja asihamie kwa mshindani kabla ya kumaliza deni, kampuni huifunga simu kwa programu maalumu. Kila kadi ya simu duniani hubeba namba ambayo tarakimu zake za mwanzo hutambulisha nchi na kampuni. Za Kenya huanza kwa 639. Simu iliyofungwa huzisoma tarakimu hizo, na zisipokuwa za kampuni iliyoiuza, huikataa kadi.

Kufuli hii huondolewa na kampuni iliyoiweka. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2014 ilimruhusu mteja kufunguliwa simu yake ili aitumie kwingineko, lakini kwa kawaida kampuni hutaka deni liwe limelipwa lote na muda fulani uwe umepita tangu simu ianze kutumika. Ombi hilo ni rahisi zaidi kulishughulikia mwenye akaunti akiwa huko huko kabla ya kupanda ndege.

Mataifa mengine yameachana na desturi hiyo. Canada iliagiza simu zote mpya ziuzwe bila kufuli kuanzia Desemba 1, 2017. Japan ilifanya hivyo Oktoba 2021, nayo Uingereza ikafuata Desemba mwaka uo huo. Hata hivyo, simu ya Uingereza iliyouzwa kabla ya hapo na ambayo sasa inauzwa kama mtumba huenda ingali imefungwa.

Nami nilitafuta njia ya mkato. Nilimwendea fundi mmoja katikati mwa jiji la Nairobi, akaniwekea kichipu chembamba chini ya kadi yangu ili kuihadaa simu iamini kwamba kadi ile ni ya kampuni ya Marekani. Nilimlipa Sh2,500.

Simu ilifanya kazi kwa majuma mawili. Kisha programu zake zikajisasisha usiku, na asubuhi nikaamkia ujumbe ule ule wa awali. Kichipu huficha kufuli tu, wala hakiiondoi.

Masafa: redio isiyonasa stesheni

Hata simu isiyo na kufuli inaweza kushindwa kufanya kazi vyema. Simu ni redio ndogo, na redio hunasa tu mawimbi ambayo iliundwa kuyanasa.

Nchini Kenya, huduma ya kizazi cha pili, yaani 2G, hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800. Ile ya 3G hutumia 2100 na 900, nayo 4G hutumia hasa 800 na 1800. Huko Marekani, kampuni kwa miaka mingi zilitumia 850 na 1900 kwa huduma za 2G na 3G.

Simu nyingi za bei ya juu za miaka ya karibuni huundwa zikiwa na masafa ya takriban dunia nzima, hivyo hazina taabu kubwa. Tatizo huwa kwa simu za bei ya chini zilizotengenezewa soko la nchi moja pekee, na kwa simu za zamani. Baadhi ya simu kuukuu za kampuni za Verizon na Sprint, kwa mfano, zilitumia teknolojia tofauti iitwayo CDMA, na hazikuwa hata na tundu la kadi. Mitambo hiyo ilikamilika kuzimwa mwaka 2022.

Masafa ya 800 yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali zaidi na kupenya kuta vyema kuliko yale ya juu, ndiyo maana ni muhimu maeneo ya mashambani ambako minara iko mbalimbali. Simu isiyonasa 800 inaweza kuwa na intaneti ya kasi jijini, kisha ikadorora mwenyewe anapoenda kuwaona wazazi kijijini.

Kuepuka hali hii si vigumu. Kila simu ina namba ya modeli iliyoandikwa kwenye boksi na katika sehemu ya mipangilio. Mnunuzi aitafute namba hiyo katika tovuti ya mtengenezaji na kusoma orodha ya bendi. Kwa 4G ya Kenya atafute bendi ya 3 na ya 20. Kwa 3G, bendi ya 1 na ya 8. Jina la simu pekee halitoshi, kwa sababu simu ya jina moja huundwa kwa modeli kadhaa za masoko tofauti.

Kuhusu 5G, Safaricom iliizindua rasmi kwa wateja Oktoba 2022 na Airtel ikafuata Julai 2023. Simu inayopata 5G ughaibuni inaweza kukosa kuipata hapa, lakini ikiwa na bendi za 4G zilizotajwa, mwenyewe hatapungukiwa na mengi.

Jambo jingine linahusu simu za Samsung. Tangu mwaka 2013, kuanzia na Galaxy Note 3, baadhi ya simu zake huhitaji kuwashwa mara ya kwanza kwa laini ya eneo zilikouzwa. Sharti hilo huandikwa kwenye kibandiko cha boksi. Anayeinunua Ulaya ili kumletea mzazi nyumbani afungue boksi huko huko, atie laini ya huko na kupiga simu kwa dakika chache. Akiileta ikiwa imefungwa kwa ajili ya kuipamba zawadi, anaweza kuiharibu furaha aliyokusudia.

Tundu la kadi lililotoweka

Mabadiliko makubwa ya karibuni ni laini ya kidijitali, iitwayo eSIM. Hii haishikiki mkononi; ni taarifa zinazopakuliwa ndani ya simu.

Septemba 2022, kampuni ya Apple ilianza kuuza nchini Marekani simu za iPhone 14 zisizo na tundu la kadi kabisa. Septemba 2025, ilipotoa iPhone 17, utaratibu huo ulienezwa hadi mataifa mengine, yakiwemo Milki za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait, Oman na Bahrain. Hayo ni mataifa ambako Wakenya wengi wanafanya kazi.

Safaricom ilianza kutoa huduma ya eSIM mwaka 2022, kwa hivyo simu ya aina hiyo si hasara. Ila mwenye laini lazima aihamishe rasmi kupitia kwa kampuni yake, na akumbuke kwamba ameiacha desturi moja ya Wakenya: betri ikiisha au kioo kikivunjika, hawezi tena kuchomoa kadi na kuitia katika simu ya jirani ili atume pesa. Mzazi mkongwe aliyezoea hivyo aelezwe mapema.

Wafanyabiashara wanaonunua bidhaa nchini China nao wana lao la kuchunga. Simu zilizokusudiwa soko la huko kwa kawaida huuzwa bila duka la programu la Google, na simu mpya za Huawei zimekosa huduma za Google tangu vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019. Mtumiaji aliyezoea duka hilo atapata taabu.

Mitumba na siri zake

Simu zilizotumika, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ‘ex-UK’, zina hatari ya ziada. Tangu mwaka 2013 simu za iPhone zimekuwa na kinga inayoifungia simu kwenye akaunti ya mwenyewe. Za Android zilipata kinga kama hiyo mwaka 2015. Hata ikifutwa kila kitu, simu hudai nenosiri la mmiliki wa kwanza.

Kinga hizo ziliwekwa kuwakomesha wezi, lakini humwumiza pia mnunuzi asiye na hatia. Muuzaji aifute simu mbele yako na kuiwasha upya hadi ifikie ukurasa wa nyumbani. Akisitasita, ondoka.

Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI yenye tarakimu 15, kisha uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha simu. Mwishoni mwa Septemba 2012, iliyokuwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu bandia zizimwe kwa kutumia namba hizo, na simu zaidi ya milioni moja zikakatiwa mawasiliano.

Kwenye forodha

Safari haiishii dukani. Novemba 2023, Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, iliwakumbusha wasafiri kwamba bidhaa za thamani ya zaidi ya dola 500 za Marekani zingetozwa ushuru, tangazo lililozua malalamishi mengi. Kiwango hicho huwekwa na sheria za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki na huweza kubadilishwa, hivyo msafiri aulizie kabla ya kununua. Risiti iwekwe karibu. Simu moja inayotumika haitazamwi sawa na tano zilizo ndani ya maboksi.

Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, IMEI za simu zinazoingizwa nchini zingesajiliwa, nayo KRA ikawataka wasafiri kuzitaja wanapowasili. Shirika la Katiba Institute lilienda kortini, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba maagizo hayo yalikiuka haki ya faragha.

Dhamana nayo isisahaulike. Dhamana za kampuni nyingi huhusu nchi au eneo simu ilikonunuliwa, kwa hivyo ikiharibika hapa, mwenyewe anaweza kulazimika kugharimia ukarabati. Chaja ndiyo ndogo kuliko zote: nyingi hukubali volti 100 hadi 240, na za Marekani huhitaji adapta ya bei ndogo tu ili ziingie katika soketi zetu.

Simu yangu ilikaa kabatini miezi mingi. Mpwa wangu alipomaliza deni, aliipigia kampuni yake, akaisomea IMEI niliyomtumia, na siku chache baadaye ikafunguliwa bila malipo ya ziada. Laini yangu ilipoonekana kwenye kioo, jambo la kwanza nililofanya ni kumtumia mama yake pesa za sukari kwa M-Pesa.

Baadaye alikiri kwamba alipokuwa dukani hakuuliza lolote kuhusu Kenya, kwa kuogopa kuonekana mshamba. Swali moja tu, iwapo simu hiyo ingekubali laini ya kampuni nyingine, lingetuokolea miezi hiyo yote na Sh2,500 za fundi. Kuuliza si ujinga.