Gari la rimoti si Land Cruiser iliyopunguzwa

Wengi mmeuliza kile kigari tunachohangaika nacho kila Jumamosi kule Digbeth, kwenye karakana iliyo chini ya matao ya reli, ni mchezo wa watoto au vipi. Jamani, ni gari la rimoti la kukimbia porini, la mashindano ya wanafunzi. Mnalisanifu, mnalijenga, halafu linapelekwa kwenye matope na mawe, na lazima lifike mwisho. Sasa kikundi kimegawanyika. Pesa zilizobaki zinatosha kununua mota kubwa zaidi au shokapu nzuri, si vyote viwili. Mimi niko upande wa shokapu.

Sisi tuliokua tukisikia habari za Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha, tukiambiwa gari la porini tunawaza Land Cruiser. Basi tunataka kuipunguza mara 10, kazi imekwisha. Hesabu inakataa. Ukigawanya urefu, upana na kimo kwa 10, uzito unagawanyika kwa 1,000: gari la kilo 2,000 linabaki kilo 2. Lakini vyuma vyake, ukivikata na kupima uso wa pale ulipokata, vimepungua mara 100 tu. Ndiyo maana kigari kinaanguka toka mezani na kuendelea na safari. Bodi haituumizi kichwa.

Kinachotuumiza ni ardhi, maana yenyewe haikupunguzwa. Shimo la sentimita 10 Land Cruiser inalipita dereva akiongea na simu (asifanye hivyo). Kwetu ni korongo la mita nzima. Na mvutano wa dunia ni uleule, kwa hiyo kigari kikienda kilomita 40 kwa saa, kinarushwa kama gari kubwa linalokimbia kilomita 126 juu ya matuta makubwa mara 10.

Nguvu tunayo tayari. Mota yetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika kwa kila volti; kwa betri ya volti 7.4 ni kama mara 22,000 ikiwa haina mzigo. Tairi la kipenyo cha sentimita 10 linahitaji mizunguko 2,100 hivi kufikia hizo kilomita 40, ndiyo maana giya zinapunguza mara 10. Ila tairi likiwa hewani, mota yoyote inazunguka bure.

Kurudisha tairi chini ni kazi ya springi, na kuituliza springi ni kazi ya shokapu: silinda yenye mafuta ya silikoni na pistoni yenye vitundu. Mafuta mepesi, gari linadundadunda kama mpira. Mazito, tairi linachelewa kushuka. Halafu baridi nayo huyafanya yawe mazito zaidi, kwa hiyo shokapu iliyopimwa karibu na hita inabadilika tabia ukiitoa nje.

Jumamosi hii tunajaribu mafuta ya aina tatu, nje, kwenye kifusi, kabla ya kupiga kura. Anayetaka kushika rimoti aje na koti zito.