Je, Wajua? Mama wa Bethlehem Aliyeficha Kazi Yake

Je, wajua kuwa Amreeka (2009) ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Cherien Dabis? Ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance, Januari mwaka huo. Mwezi Mei ikanyakua tuzo ya wakosoaji, FIPRESCI, kule Cannes.

Mhusika mkuu, Muna Farah wa Bethlehem, ni mfanyakazi wa benki Ukingo wa Magharibi. Ameachika, ana mtoto mmoja wa kiume, na kila akienda kazini lazima apite vizuizi vya jeshi la Israel. Kibali cha kuhamia Marekani kinapowasili, yeye anasita. Kijana wake, Fadi, ndiye anayeshikilia waondoke.

Wanapotua Marekani, akiba yao yote inapotea kabla hawajatoka uwanja wa ndege. Muna alizificha pesa ndani ya mkebe wa biskuti, nao maofisa wa forodha wakauchukua kwa sababu ni chakula.

Je, wajua wanafika Illinois wakati gani? Mwaka 2003, Marekani inapoivamia Iraq. Shemeji yake Muna, mume wa dada yake, ni daktari, na wagonjwa wanamkimbia kwa kuwa ni Mwarabu.

Muna anabisha hodi benki moja baada ya nyingine, hapati kitu. Anaishia kukaanga baga kwenye mgahawa wa White Castle, huku nyumbani akisema ameajiriwa katika benki iliyo jirani. Dada yake humshusha mlangoni pa benki hiyo; gari likishaondoka, Muna anakwenda zake jikoni. Kwangu mimi hapa ndipo filamu inapozishinda nyingi za aina yake. Umaskini Muna angeuvumilia. Kinachomuuma ni ndugu kumwona ameshuka. Mtu yeyote aliyewahi kubeba boksi ughaibuni huku vyeti vyake vimelala sandukuni atamwelewa mama huyu bila kuelezwa.

White Castle, kwa taarifa yako, ni kampuni ya kweli. Ilianzishwa Wichita, Kansas, mwaka 1921, na inajulikana kwa baga zake ndogo za mraba.

Anayemshika mkono Muna ni mkuu wa shule ya Fadi, Myahudi mwenye asili ya Poland. Urafiki wao umeandikwa kwa upole mkubwa.

Je, wajua kisa cha daktari kimetoka nyumbani kwa Dabis? Baba yake ni daktari Mpalestina, mama yake ni wa Jordan, na Dabis mwenyewe alikulia mji mdogo wa Ohio. Vita vya Ghuba vilipozuka mwaka 1991, baba alipoteza wagonjwa. Walinzi wa Rais walifika hata shuleni kuchunguza uvumi kwamba dada yake Dabis alitishia kumuua Rais. Wakati huo Dabis alikuwa na miaka 14.

"Illinois" unayoiona kwenye filamu ni Winnipeg, Kanada. Sehemu za Palestina zilipigwa Ramallah kwenyewe.

Filamu nyingine ya Dabis, All That's Left of You, iliyotoka 2025, inafuata vizazi vitatu vya familia iliyofukuzwa Jaffa mwaka 1948. Dabis alikusudia kuipiga Palestina, lakini vita vilivyozuka Oktoba 2023 vikamlazimu kuhamishia kazi Jordan, Cyprus na Ugiriki. Ameiandika, ameiongoza, na humo ndani ameigiza yeye mwenyewe kama mama wa familia hiyo.