Mgeni Mwenye Jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kumwonya mgeni asimlemee mwenyeji. Lakini je, mgeni akija na jembe lake kutoka nchi ya mbali, akitaka kutusaidia kukijenga kijiji chetu, itakuwaje? Akae kwetu mpaka lini?

Alikuwako padri mmoja Mbelgiji, wa shirika la Wadominiko, jina lake Dominique Pire, aliyezaliwa Dinant mwaka 1910. Baada ya vita kuu ya pili, watu wengi wa Ulaya walikuwa wamebaki bila nchi wala makao. Mwaka 1949 padri huyo alianzisha chama cha kuwasaidia, na baadaye vikajengwa vijiji saba kwa ajili yao. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1958.

Mwaka 1960 alifika Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo tangu 1971 inaitwa Bangladesh. Huko aliona umaskini mkubwa. Angeweza kurudi kwao, kukusanya fedha na kuwapelekea watu chakula. Lakini chakula huliwa kikaisha, na njaa ikabisha hodi tena.

Kwa hiyo mwaka 1962 alianzisha kazi ya namna nyingine huko Gohira, upande wa Chittagong. Aliita mahali hapo Kisiwa cha Amani, ingawa hapakuzungukwa na bahari. Wageni wachache waliojitolea walishirikiana na watu wa nchi katika kilimo, afya na mafundisho. Wenyeji wengi walikuwa Waislamu. Hakuna aliyetakiwa kubadili dini yake ili asaidiwe.

Tena, tangu mwanzo ilijulikana kwamba wageni wataondoka. Baada ya miaka kama mitano, mwaka 1967, kazi iliachwa mikononi mwa wenyeji. Padri Pire alifariki mwaka 1969, lakini mfano wake ulifuatwa hata Kalakkad, kusini mwa India, na Timbuktu, nchini Mali.

Hapa pana fundisho kwetu. Nani kati yetu hajaona kisima kilichochimbwa na wageni? Siku pampu inapoharibika, watu husema: “Pampu yao imekufa.” Basi akina mama hurudi mtoni na ndoo zao, wakingoja wenye pampu warudi. Neno hilo “yao” ni dogo, lakini laweza kuua kazi ya miaka mingi. Kisima kilikuwapo, ila mwenyewe hakuwapo.

Kwa hiyo, mgeni anapokuja kutusaidia, tumpokee kwa heshima na kumpa mahali pa kulala. Lakini tusimwachie jembe peke yake. Tushauriane naye kabla ya kuanza. Tutoe nguvu zetu, na hata senti zetu kidogo. Tuchague vijana watakaojifunza kutengeneza kile kitakachoharibika.

Nanyi vijana mnaotamani kwenda kusaidia watu wa nchi nyingine, kumbukeni kuuliza kwanza, kisha kufundisha, na mwisho kuaga. Msaidizi mwema hupimwa siku ile anapokwisha kuondoka: kama watu wanaendelea kulima, hakika alifanya kazi.