Fahamu: Mitishamba ya Kichina hupimwaje maabara?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito katika kliniki moja ya Brussels, Ubelgiji, walianza kuharibikiwa figo. Walioathirika walipita 100. Vidonge vyao vilipaswa kuwa na mzizi wa Stephania tetrandra, yaani fangji kwa Kichina. Badala yake ulikuwamo wa Aristolochia fangchi, au guang fangji. Majina yanakaribiana, na mzizi ukishasagwa macho hayasaidii kitu. Asidi ya aristoloki iliyomo kwenye Aristolochia huharibu figo na husababisha saratani ya njia ya mkojo.

Kipimo kimoja tu kingefichua kosa hilo. Unga huloweshwa kwenye methanoli, huchujwa, kisha kimiminika husukumwa kwa presha kupitia neli iliyoshindiliwa chembe laini. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, na mashine huchora vilele kwenye grafu. Stephania halisi huonyesha tetrandrini. Kikichomoza kilele cha asidi ya aristoloki, shehena haifai.

Ila kilele kimoja hughushika: mjanja huongeza kemikali inayotarajiwa, kama tetrandrini, kwenye unga hafifu. Ndiyo maana wakaguzi makini hulinganisha mchoro mzima. Risasi, zebaki, viuatilifu na dawa za kisasa zilizochanganywa kwa siri hutafutwa kwa vipimo vingine.