Kusomea udaktari wa wanyama: chuo huchaguliwa kwa kuangalia leseni

Udaktari wa wanyama ni taaluma inayolindwa na sheria. Mhitimu haruhusiwi kutibu mpaka aandikishwe na chombo cha mahali anapotaka kufanya kazi: Baraza la Veterinari nchini Tanzania, Bodi ya Veterinari nchini Kenya, RCVS nchini Uingereza, na bodi ya kila jimbo nchini Marekani. Kwa sababu hiyo, anayechagua chuo huwa anachagua pia, ajue asijue, nchi ambazo milango yake itakuwa wazi kwake.

Afrika Mashariki iliwahi kutegemea chuo kimoja. Mafunzo yaliyoanzia Makerere yalihamishiwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1962, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wakasoma huko. Makerere ilipata kitivo chake mwaka 1971. Morogoro nayo ilianza kufundisha fani hiyo katika muongo huohuo, na mwaka 1984 kampasi yake ikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Vyuo hivi hupokea waliomaliza sekondari wakiwa na alama nzuri za baiolojia na kemia, na shahada huchukua miaka 5. Uzito wa masomo uko kwenye ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, pamoja na magonjwa yanayomfikia binadamu kutoka kwa mnyama, kama kimeta, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa.

Uingereza nako mwanafunzi huingia akitoka sekondari. Masomo ni ya miaka 5, isipokuwa Cambridge ambako ni 6. Maombi hupitia mfumo wa UCAS na mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko kozi nyingine nyingi. Kati ya kozi 5 ambazo mwombaji anaweza kuchagua, za tiba ya wanyama haziwezi kuzidi 4.

Marekani imepanga mambo kwa namna nyingine. Shahada ya DVM ni ya miaka 4, lakini hutanguliwa na masomo ya chuo ya baiolojia, kemia, fizikia na takwimu, na wengi huingia wakiwa tayari na shahada ya kwanza. Maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo wa VMCAS, nayo hufungwa katikati ya Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Mwombaji huorodhesha saa alizofanya kazi chini ya daktari wa wanyama, na kando yake saa alizohudumia wanyama bila daktari. Aliyetunza mifugo ya familia ana cha kuandika hapo. Hufuata barua za mapendekezo na, katika vyuo vingi, usaili.

Gharama hutegemea ukaazi. Vyuo vya umma vya Marekani huwatoza wakaazi wa jimbo ada ndogo kuliko wageni, na Uingereza hutenganisha ada ya wenyeji na ya kimataifa. Familia iliyohamia ughaibuni inapaswa kujua iko kundi gani kabla ya kupanga bajeti.

Linalobaki ni ithibati. AVMA, chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, imevipa ithibati hata vyuo vya nje, vikiwemo vya London, Edinburgh na Guelph. Wahitimu wa vyuo hivyo hufanya mtihani wa NAVLE kama Wamarekani. Aliyesoma Sokoine, Nairobi au Makerere hulazimika kwanza kupitia mpango kama ECFVG, wenye mtihani wa nadharia na wa vitendo, na Uingereza humtaka afaulu mtihani wa RCVS. Barani Afrika, hata hivyo, kitivo cha Onderstepoort cha Pretoria, kilichoanzishwa mwaka 1920, kinatambuliwa na RCVS.

Mwenye nia ya kuhudumia wafugaji wa nyumbani atapata vyuoni mwa Afrika Mashariki mafunzo yanayolingana na kazi hiyo. Anayekusudia kuishi ughaibuni aanze na orodha ya ithibati ya nchi husika, aisome upya kila mwaka kwa kuwa hubadilika, ndipo alinganishe ada.