Nuru Zipitazo Angani Usiku: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzitabiri



Nuru kali ionekanapo angani usiku, wapo wanaodhani ni ishara ya wahalifu wanaovuka mpaka, na wapo wanaodhani ni ndege isiyo na rubani inayowapeleleza. Taarifa zenu tunazithamini. Hata hivyo, doria inayotumwa kufuata nuru isiyo na madhara ndiyo inayokosekana mahali mifugo inapoibwa. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza namna ya kuzipambanua nuru hizo.

Setilaiti haionekani kwa taa yake yenyewe. Huonekana kwa sababu jua, ambalo kwetu limekwisha kutua, bado linaimulika huko juu. Mmweko hutokea pale upande wake ulio bapa unaporudisha miale ya jua moja kwa moja hadi tulipo. Ndivyo bati jipya la paa linavyommulika msafiri aliye mlimani, kisha likazima apigapo hatua chache.

Mimweko iliyosifika zaidi ilikuwa ya setilaiti za simu za Iridium, zilizoanza kurushwa mwaka 1997 na kuizunguka dunia katika kimo cha kilomita 780 hivi. Kila moja ilikuwa na antena tatu bapa zilizong'aa kama kioo, na mmweko wake wa sekunde chache uliweza kuishinda Zuhura kwa mng'ao. Kati ya mwaka 2017 na 2019 zilirushwa setilaiti mpya zisizo na antena za namna hiyo, na mimweko ile ikawa adimu. Siku hizi tunaona zaidi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilicho katika kimo cha kilomita 400 hivi, pamoja na setilaiti za Starlink, ambazo siku chache baada ya kurushwa hupita zikifuatana kama shanga katika uzi. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho matupu.

Alama za kupambanua ni hizi. Setilaiti hupita kimya, kwa mwendo usiobadilika, na huweza kufifia ghafla iingiapo katika kivuli cha dunia. Ndege ya abiria huwa na taa zinazowaka na kuzimika. Kimondo hukata anga kwa sekunde moja au mbili tu. Ndege isiyo na rubani huweza kusimama mahali pamoja, kugeuka au kurudi ilikotoka. Fataki ya ishara hupaa kutoka ardhini, kisha hushuka.

Saa nayo ni shahidi. Setilaiti za kimo cha chini huonekana hasa katika saa mbili au tatu baada ya jua kutua, na vivyo hivyo kabla ya mapambazuko. Usiku wa manane huwa zimo ndani ya kivuli cha dunia. Basi nuru kali itembeayo karibu na ardhi saa sita za usiku haifai kupuuzwa.

Kwa kuwa njia za setilaiti hufuata kanuni zinazojulikana, wataalamu hukokotoa mapema saa na upande zitakapopita. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kufungua tovuti ya Heavens-Above, akataja mahali alipo, na kuonyeshwa ratiba ya usiku huo bila malipo. Tunawaomba walimu na wenyeviti wa LC1 wawasomee wengine ratiba hizo.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lakini kabla ya kulitangaza kijijini, litazameni kwanza. Andikeni saa, upande na muda nuru ilioonekana. Ikiwa imepaa kutoka ardhini, imesimama, imerudi nyuma au imeambatana na milio, pigeni 999 au 112 mara moja, wala msiifuate. Na kitu kikianguka kutoka angani, kama pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliyoanguka Mukuku, Makueni nchini Kenya, tarehe 30 Desemba 2024, msikiguse. Wazuieni watoto wasikikaribie, nasi tuiteni.

Atambuaye nuru isiyo na hatari hulala kwa amani, na ile yenye hatari hutufikishia habari yake mapema.