Umeongeza Pleti za Springi, Je, Breki?

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuingie chini ya pikapu. Ni huko chini, wala si kwenye injini, ambako wenzetu wengi wanaotoa ndizi Muleba kuleta soko la Bukoba hutumia fedha zao vizuri au huzitupa.

Pikapu ya tani moja imeundwa kubeba tani moja, na hesabu hiyo inakula hata uzito wa watu mliobanana mbele. Lakini mikungu haipimwi shambani. Inapangwa mpaka kamba ziishe. Baada ya miezi michache gari limekaa kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Mwenye gari anakwenda gereji, anaambiwa dawa ni kuongeza pleti mbili za springi. Gari linanyanyuka, mwenyewe anafurahi, anaongeza mikungu.

Hapo ndipo penye tatizo. Springi zimeongezwa, breki hazikuongezwa hata chembe. Dramu ni zile zile, silinda ni zile zile. Na kuna baya zaidi. Pikapu nyingi za Kijapani, Toyota Hilux zikiwamo, zina vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi kwa nyuma, yenye mkono ulioungwa na ekseli. Kazi ya vali hiyo ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu bodi inakaa juu, nayo vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge gari likaserereka. Likipakiwa bodi inashuka, mkono unasogea, vali inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Sasa wewe umeweka pleti ngumu, bodi haishuki tena. Vali inadhani gari ni tupu! Breki za nyuma zinanyimwa nguvu siku ile ile unapozihitaji, za mbele zinabaki kubeba kazi yote. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba pedi za mbele zinakwisha upesi huku breki shuu za nyuma zikiwa nzima, nao wanamlaumu mwenye duka.

Kwa hiyo ukibadili springi, mwambie fundi airekebishe vali hiyo ilingane na kimo kipya cha gari. Akikujibu kwamba yeye huwa anaing'oa tu, tafuta fundi mwingine. Mtu anayeteremka na mzigo kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe, au anayeshuka Nyangoye kuingia Bukoba mjini huku mvua inanyesha, hana nafasi ya kufanya majaribio.

Shokapu nayo inasingiziwa sana. Shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu inaituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Gari lililolala kwa nyuma haliponi kwa shokapu mpya, hata uagize za Ujerumani. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha uachie. Likipanda na kushuka zaidi ya mara mbili, au ukiona mafuta yanachuruzika, shokapu imekufa. Nunua mbili za ekseli moja kwa pamoja. Na pleti iliyovunjika haichomelewi, kwa sababu moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma chake.

Tuje kwenye breki. Usifike dukani ukasema unataka pedi za Hilux, basi. Hilux zinatengenezwa tangu mwaka 1968, na vizazi vyake havivai kiatu kimoja. Nenda na namba ya chesisi pamoja na pedi ya zamani mkononi. Kwa spea za Toyota yenyewe, namba ya pedi za mbele huanza na 04465, na ya breki shuu za nyuma 04495. Wanaoghushi wanajua kunakili namba, kwa hiyo itazame bidhaa: je, tabaka la kusugulia limeshikana na bamba lake bila mwanya wala ufa? Maandishi ya boksi yanasomeka? Bei yake ni nusu ya maduka mengine yote? Dai risiti, maana bila hiyo hata ukipeleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayoshughulika na bidhaa bandia, utathibitisha vipi ulikonunua? Kabla ya kufunga shuu mpya, fundi apime dramu. Kipimo cha mwisho cha upana wake kimeandikwa kwenye dramu yenyewe kwa milimita.

Mimi sina ugomvi na springi ya mtumba, mradi haina ufa na haijalegea. Lakini pedi za mtumba na mipira ya breki ya mtumba, hapana. Fedha ikiwa haba, anza na mipira na mafuta ya breki, halafu pedi na shuu. Springi zisubiri, na mikungu ipunguzwe. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kutoka hewani, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na kwenye mteremko mrefu breki zinapopata moto, yakichemka yanageuka mvuke na kanyagio linazama mpaka sakafuni. Ile chupa uliyoifungua mwaka jana ukaibakiza nusu chini ya kiti, usiitie.